Kinyume

Mhubiri alisimama juu ya jukwaa la mbao, uwanja wa shule, Uyole,
mwezi wa sita, ukungu ukimla miguu,
akasema: nyimbo mnazozicheza zina tumbo la pili.
Zigeuzeni, mtamsikia yule mwovu
akiwaita kwa majina.

Kwa majina? Nilimtazama Gwakisa.
Nani huko kuzimu angeweza kutamka Asukenye?

Kugeuza tulikuwa tunajua.
Bombani, ndoo zikiwa kwenye foleni, tulisema kinyume
wakubwa wasituelewe:
maji ni jima, nyumba ni mbanyu,
mali ukiigeuza inakuambia lima,
na Mungu (hili tulilinong'ona, tukaangalia juu)
Mungu ukimgeuza anakuwa ngumu.
Wa nyumbani tu ndio hawakugeuka:
mama, kaka, dada.
Baba naye, ingawa hakuwa nyumbani.

Jumamosi Gwakisa akaiba bisibisi ya mjomba wake,
fundi redio wa Mwanjelwa, ile yenye mpini mwekundu.
Skrubu tano. Moja iliangukia kwenye magunzi, hatukuiona tena.
Akauchokonoa utepe kwa ncha ya kalamu,
akaupindua, mgongo ukawa tumbo,
akafunga kwa skrubu nne.
Betri tulizipasha kando ya mafiga
kwa kuwa jua hatukuliona tangu Jumanne.

Tukabonyeza.

Wimbo uleule wa mapenzi, wa vibanda vyote vya chipsi,
sasa ulitoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi,
anayameza maneno badala ya kuyatoa,
mwangwi unatangulia, ngoma inafuata.
Gwakisa akasikia: nipe moto.
Mimi nikasikia: viazi.
Tukarudisha. Viazi kabisa.
Lugano, miaka minne, akasikia ng'ombe,
na mpaka leo nafikiri ndiye aliyekaribia ukweli.

Shetani hatukumpata.

Halafu wimbo ukaisha, yaani ukafika ulipoanzia,
na ng'ambo yake, kipande ambacho hakikufutika,
mtu akaguna.
Sauti nzito, ya polepole,
inapanda mahali pa kushuka.
Kilikuwa Kinyakyusa, lakini Kinyakyusa kilichogeuzwa
kama shati lililovaliwa bila taa.

Mama alikuwa mlangoni akimenya viazi.
Kisu kikasimama.
Hakuuliza nani alirekodi wimbo juu ya kaseti ya Kitwe,
ile barua ya sauti aliyoileta dereva wa lori kupitia Tunduma
mwaka ambao pesa zilikoma, kisha barua, kisha habari.
(Kaka Ambakisye. Alitaka kumfurahisha msichana wa Iganzo.
Sote tulijua. Nadhani mama pia.)

Rudisheni, akasema.
Tukarudisha.
Tena.

Gwakisa, fundi tayari akiwa na miaka kumi na mbili, akamwambia:
Mama Ambakisye, naweza kuunyoosha huu utepe,
ni kama sekunde tisa tu, utasikia maneno sawasawa.

Maneno nayajua, akasema.
Nyamaza, tusubiri pale anapokohoa.

Na kweli, kabla ya utepe kubaki mtupu, kelele za mchele ukipepetwa,
baba alikohoa, mara mbili,
na kikohozi hakina mbele wala nyuma.

Tulirudisha mpaka betri zikalegea
na yeye akawa ananguruma kama lori linalopanda Igawilo.
Mama akakitafuta kile kiazi alichokiacha,
kilikuwa kimeshaanza kuwa cheusi,
akakimenya hivyo hivyo.

Jumapili mhubiri aliuliza
kama yuko aliyegeuza wimbo, na kama alisikia sauti.
Gwakisa alinikanyaga mguu.
Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka.